"Sijambo, ila…": barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uingereza

Kwa Mheshimiwa Andrew Lansley,
Waziri wa Afya,
Richmond House, Whitehall, London

Septemba 2010

Mheshimiwa Waziri,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimekwisha kuitia posta. Hii ya Kiswahili naiandika kwa ajili ya wenzangu tunaoishi hapa England, watu wa Mombasa, Tanga, Unguja, Bukavu na kwingineko, ambao wamesikia juujuu kwamba "ile namba ya manesi inafungwa" na wanaulizana harusini na misibani kama ni kweli. Hawajanituma. Lakini wana haki ya kusoma ninachokuomba, maana simu zenyewe ndio wanaozipiga.

Mwishoni mwa Agosti tulisikia kwamba NHS Direct, ile simu ya ushauri wa wauguzi ya NHS, huduma ya afya ya taifa, yaani 0845 46 47, itaondoka na mahali pake itakaa namba 111. Nianze na namba, usije ukanidhania mimi ni wa kupinga kila kitu. Namba haina ubaya. Tarakimu tatu zinakaa kichwani hata kwa mtu aliyepagawa saa tisa usiku, na itakuwa ya bure. Hii ya sasa ukiipiga kwa simu ya mkononi unaweza kutozwa hadi peni 40 kwa dakika, na wanaotegemea simu ya mkononi ya kuweka vocha ndio hao hao wasio na simu ya mezani nyumbani. Tena wazo hilo hukulianza wewe. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano ya simu, waliitenga namba 111 Desemba 2009, chini ya serikali iliyopita, kwa hiyo hata wanaokupigia kelele bungeni leo hawana uso wa kuikana. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu: ikipigwa, nani atakayeinua mkono wa simu?

Mimi ni nesi. Nilisomea Tanzania, nikaja hapa mwaka 2001, enzi zile hospitali zenu zilipokuwa zinatuita kwa mafungu. Sasa nafanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Sijawahi kufanya kazi NHS Direct, wala sina ndugu anayelipwa na hao. Nimekuwa mpigaji tu. Mama yangu naye amekuwa mpigaji, na kisa chake ndicho kilichonikalisha kitako kuandika.

Ilikuwa wiki ile ya theluji kubwa, Februari 2009. Mabasi yalisimama, nami nilikwama kazini kwa sababu wa kunipokea zamu hakufika. Nyumbani nilimwacha mama na mwanangu wa miaka minne. Usiku mtoto akawaka moto. Mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu na bei za sokoni, akapiga namba niliyombandikia ukutani, akatamka neno moja nililomfundisha: "Swahili." Wakamtafutia mkalimani kwenye laini. Baada ya muda nesi akarudisha simu.

Nesi yule aliuliza yote yanayoulizwa. Mtoto anakunywa? Amekojoa mara ngapi tangu mchana? Shingo anaikunja? Analia vipi, kwa nguvu au kwa kunung'unika? Ana vipele? Akatoa maelekezo ya dawa ya homa na maji, akataja dalili za kumfanya mama apige tena. Kazi ikawa imekwisha. Kisha, kabla ya kuaga, akamwambia mkalimani amuulize bibi: na wewe, umeanza lini kukatikakatika pumzi namna hiyo?

Mama akajibu kama mtu mzima yeyote wa Pangani angejibu. Akasema, "Mimi sijambo."

Nesi hakuaga. Mama anasimulia kwamba palikuwa na kimya kwenye simu, akadhani imekatika. Halafu mwenyewe akaongeza: "Sijambo, ila leo ngazi zimenishinda."

Ilikuwa nimonia. Alilazwa siku sita. Mtoto yeye siku ya tatu alikuwa nje anafinyanga theluji.

Mheshimiwa, sisi tunaoongea Kiswahili tunajua kwamba ugonjwa hausemwi kwenye jibu la kwanza. Ukimuuliza mtu hali, hata akiwa kitandani, atakujibu hajambo, kwa sababu hiyo ni salamu, na salamu ina jibu lake. Habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Mtu asiyejua kungoja hataisikia. Na sidhani jambo hili ni letu peke yetu: wazee wa Kiingereza ninaowahudumia kila usiku huniambia hawataki kumsumbua mtu, kisha baada ya kikombe cha chai ndipo wanataja kwamba kifua kimekuwa kinawabana tangu alasiri.

Sasa fikiria simu ile ile ingepokelewa na kijana mwema, mwenye adabu, aliyefundishwa wiki chache kusoma maswali kwenye skrini. Mgonjwa aliyeandikwa kwenye kompyuta alikuwa mtoto wa miaka minne. Jina la mama halikuwamo popote. Hakukuwa na swali la skrini la kumhusu. Kijana yule asingekosea hata hatua moja: angemaliza maswali, angeaga vizuri, na karatasi zake zingekuwa safi.

Watetezi wa mabadiliko watasema, na wana haki kusema, kwamba hata sasa anayepokea mwanzo si nesi. Ni kweli. Huyo huchukua jina, anwani na shida, akaangalia kama ni jambo la 999, namba ya dharura, kisha akakupanga kwenye foleni ya nesi. Ni kweli pia kwamba foleni hiyo hukera. Nimewahi kungojea mpaka nikasinzia na simu kifuani. Wafanyakazi wa NHS Direct wanazidi 3,000, na inaelezwa kwamba kama asilimia 40 tu ndio wauguzi. Lakini hao asilimia 40 ndio kitu chenyewe. Wengine wote wapo ili nesi azungumze na anayemhitaji. Ukiwapunguza hadi wabaki wachache wa kuitwa kwa nadra, utabaki na ofisi ya kupokea simu.

Nesi naye anatumia kompyuta, sikatai. Ana programu ya kumwongoza swali kwa swali. Tofauti ni kwamba programu ikimwambia "mpeleke hospitali" na masikio yake yakimwambia hapana, anaweza kuipinga, akaandika sababu na kuubeba uamuzi huo kwa jina lake na leseni yake. Kinyume chake pia: programu ikisema abaki nyumbani, nesi anaweza kusema gari lije sasa hivi. Asiye na taaluma hana ruhusa hiyo, na haifai apewe. Kwa hiyo mashine yake lazima itengenezwe iwe na hofu kwa niaba yake. Kila jibu lisiloeleweka itabidi litafsiriwe kwa upande wa hatari. Mtu akisema "kifua kinauma kidogo nikikohoa", nesi atauliza maswali mengine matano na huenda akaishia kwenye mafua. Skrini yenye hofu itaita gari la wagonjwa.

Hapo ndipo hesabu ya unafuu inaponitatiza. NHS Direct inatajwa kugharimu pauni milioni 123 kwa mwaka. Ukizigawa kwa watu wa England haifiki pauni mbili na nusu kwa kichwa. Simu ya mtu asiye nesi itakuwa rahisi zaidi, bila shaka, kwa sababu mshahara wake ni mdogo na simu yenyewe ni fupi. Lakini simu ya afya haiishi mpigaji anapokata. Inaishia pale alipokwenda baadaye: kitandani kwake, kwa daktari wake asubuhi, au kwenye benchi la idara ya dharura saa kumi alfajiri. Kazi ya nesi wa simu iliyo na thamani kuliko zote, na ambayo haionekani kwenye kitabu chochote cha hesabu, ni kumwambia mtu "baki nyumbani" na mtu huyo akabaki. Kulisema neno hilo kunahitaji ujasiri, na ujasiri huo watu husomea miaka mitatu na kuupata wodini kwa miaka mingine kumi. Safari moja tu ya gari la wagonjwa isiyohitajika inameza akiba ya simu nyingi za bei nafuu.

Wala hili si wazo langu la jikoni. Nchi yako ililipima jambo hili kabla ya kulianzisha. Mwaka 1997 huko Wiltshire, wauguzi wenye uzoefu waliwekwa kupokea simu za jioni, usiku na wikiendi za wagonjwa wa madaktari 55, zikalinganishwa na utaratibu wa kawaida. Simu zilikuwa zaidi ya 14,000. Wauguzi walimaliza wenyewe asilimia 49.8 ya simu walizopokea, bila daktari kuhitajika, na madhara kwa wagonjwa hayakuongezeka. Matokeo yakachapishwa 1998 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Mwaka huo huo, mwezi Machi, NHS Direct ilianza katika maeneo matatu: Lancashire, Milton Keynes na kaskazini-mashariki, upande wa Northumbria. Mwaka 2002 wakaguzi wa hesabu za serikali, watu ambao hawana tabia ya kumsifu mtu, walikadiria kwamba karibu nusu ya gharama zake ilikuwa inarudi kwa kuwaepusha watu na huduma wasizozihitaji. Kilichopimwa Wiltshire, Mheshimiwa, ni nesi kwenye simu. Usije ukatumia ushahidi wa nesi kumtetea asiye nesi.

Kama unataka mfano wa simu isiyo na wauguzi, hauko mbali. Julai 2009, mafua ya nguruwe yalipopamba moto, serikali ilifungua laini na tovuti maalumu kwa England. Waliopokea hawakuwa wataalamu wa afya. Walisoma orodha ya maswali, na ukijibu ndiyo za kutosha ulipewa namba ya kwenda kuchukulia Tamiflu, dawa ya mafua hayo. Kwa janga la ugonjwa mmoja wenye dawa moja nilikubali, maana madaktari walikuwa wanazidiwa. Lakini hata pale, mbele ya ugonjwa mmoja tu, madaktari walionya kwamba homa ya uti wa mgongo inaweza kupita ikiwa imevaa nguo za mafua. Laini ile ilifungwa Februari mwaka huu. Sasa tunaambiwa mtindo unaofanana na ule ubebe magonjwa yote, usiku na mchana, mwaka mzima.

Nimetaja homa ya uti wa mgongo, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hili wenzako wa ofisini huenda hawajalifikiria. Kila mzazi hapa ameambiwa kuhusu glasi: bonyeza glasi ya kioo juu ya vipele, visipofifia piga 999 mara moja. Ushauri mzuri sana. Lakini kwenye ngozi ya mwanangu vipele hivyo havionekani kwa urahisi. Inabidi uangalie viganja, nyayo, ndani ya kope, kwenye paa la kinywa. Skrini itauliza: ana vipele? Mama kwa taa ya chumbani ataangalia kifua na mgongo, ataona ngozi nyeusi iliyo safi, atajibu hapana. Skrini itaendelea na swali linalofuata. Vivyo hivyo "amepauka?" au "amekuwa wa bluu?" Mtoto mweusi anabadilikaje kuwa wa bluu? Nesi anayejua kazi atakwambia: mfunue mdomo, tazama ufizi na ulimi, niambie rangi. Atakuuliza pia swali ambalo sijaliona kwenye fomu yoyote: wewe mama yake, anaonekana kwako kama yeye? Mama akisema "huyu si yeye", nesi haendelei na orodha.

Halafu ongeza mkalimani katikati. Mswahili haumwi "tumbo" tu. Tumbo linamsokota, linamkata, limemjaa, linamuunguza, na kila neno lina njia yake. Kichwa kinamgonga au kinamzunguka. Moyo unamwenda mbio, lakini pia moyo unaweza kumuuma kwa huzuni tu, na mkalimani aliyechoka akalitafsiri hilo kuwa maumivu ya moyo. Nimeshuhudia hilo kwa mgonjwa, gari likaja na taa zake, kumbe bibi alikuwa anamlilia marehemu dada yake. Nesi akisikia tafsiri isiyokaa sawa hurudi nyuma, akauliza kwa mlango mwingine: unaweka mkono wapi unaposema hivyo? Anayesoma skrini hawezi kurudi nyuma, kwa kuwa hajui kwamba kuna kitu kimepotea.

Jambo dogo kuhusu wauguzi wenyewe, maana hawasemewi. Baadhi ya niliowajua walikwenda kwenye simu baada ya kuumia migongo kwa kunyanyua wagonjwa, au viungo vilipoanza kugoma. Wodini walikuwa wamekwisha, watu wa miaka ishirini, thelathini ya kazi, na ilibaki tu kuwapa pensheni ya ulemavu. Simu iliwarudisha. Ukiwafungia mlango huo hawatarudi wodini. Watakwenda nyumbani na masikio yao, nawe utakuwa umelipa mafunzo yao mara moja na kuyatupa.

Najua pia jinsi mambo haya yanavyofanyika. Waraka wako wa Julai wa kubadili mfumo wa afya unataka madaktari wa mitaa ndio wanunue huduma. Sina la kusema juu ya hilo kwa ujumla. Kwa simu nina wasiwasi, kwa sababu simu ni kitu rahisi kushindanisha kwa bei. Zabuni itatangazwa, kila eneo litapata mtu wake, na mwenye bei ya chini atakuwa yule mwenye wauguzi wachache kuliko wote. Hatavunja sheria yoyote. Atakuwa amesoma tu kilichoandikwa kwenye mkataba, ambamo "simu ijibiwe ndani ya sekunde kadhaa" kumepimwa, lakini "mpigaji asikilizwe" hakukupimwa.

Naomba machache.

Majaribio ya 111 yameanza tarehe 23 Agosti kule County Durham na Darlington, na maeneo mengine yatafuata. Ni vyema. Basi usisaini chochote cha nchi nzima mpaka majaribio hayo yapimwe na watu wasio na maslahi, na majibu yachapishwe hata yakiwa machungu. Yasihesabu simu zilizojibiwa peke yake. Yamfuate mpigaji baada ya kukata: magari ya wagonjwa yameongezeka au yamepungua katika maeneo hayo, idara za dharura zimejaa zaidi au la, na wangapi waliambiwa wabaki nyumbani kisha wakalazwa siku tatu baadaye.

Weka kwenye mkataba wowote kiwango cha chini cha wauguzi kwa kila zamu, hasa usiku na siku za sikukuu, wakati madaktari wamefunga. Kiandikwe kwa tarakimu, na kila mwezi kitangazwe. Mpe asiye nesi ruhusa ya kumpitishia nesi simu bila kueleza sababu, kwa neno moja tu, "sielewi", na asihesabiwe kosa kwa kulitumia. Hilo la mwisho ndilo ningelichagua kama ungeniambia nichague moja. Vijana wengi wa simu wana masikio mazuri, watahisi kwamba kitu hakiko sawa hata wasipojua ni nini. Wasipangiwe malengo ya kuwafanya wayazibe.

Na mkalimani abaki, kwa kila lugha, bila mpigaji kujua zaidi ya jina la lugha yake.

Scotland wana NHS 24 yao na Wales wana NHS Direct yao, na uamuzi wako hauwafikii. Kwa hiyo tutakuwa na majirani wa kujilinganisha nao, na tutajilinganisha.

Mama bado yuko nami. Nilimwambia namwandikia waziri kuhusu yule nesi wa theluji, akaniambia nikupe salamu, kisha akauliza kama waziri naye huwa anaipiga ile namba. Nikamjibu sijui. Karatasi ya 0845 46 47 ingali ukutani pembeni ya friji. Sijaitoa, na nafasi ya kubandika nyingine ipo.

Wako,
Nesi wa zamu ya usiku,
Leicester